Siku Tisa za Mama Giza

Bibi yangu mzaa mama hakuwa akisoma karatasi yoyote kabla hajaigusisha kwenye mdomo wa chini. Barua, risiti ya dukani, kadi ya harusi, matokeo yangu ya mtihani, vyote vilipita hapo kwanza. Alikishika kitu kwa ncha za vidole viwili, akakigusisha mdomoni upande mmoja, akakigeuza, akakigusisha upande wa pili, ndipo akatafuta miwani. Mama yangu aliona ni uchafu.

"Mama, karatasi hiyo imeshikwa na watu mia."

"Basi mimi ni wa mia na moja," bibi alijibu, akaendelea.

Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipomuuliza sababu. Alikuwa anakunja shuka zilizotoka kuanikwa, nami nimeshika pembe mbili za upande wangu.

"Mkanda wa filamu una pande mbili, mke mwenza," alisema. Aliniita hivyo kwa sababu babu alikuwa na utani kwamba mimi ndiye mke wake mdogo. "Upande mmoja mtupu, upande mwingine umepakwa dawa inayoshika picha. Ukiupachika kinyume, kazi ya watu hamsini imekwenda na maji. Sasa uko gizani, macho hayana kazi. Unafanyaje? Unalowesha mdomo kidogo. Upande wa dawa unanata. Ule mwingine unateleza."

"Kwa hiyo ulikuwa unabusu filamu?"

"Miaka kumi na saba. Babu yako aliona wivu mpaka akazoea."

Babu alikuwa uani akipiga randa. Alipaza sauti bila kugeuka: "Sikuzoea!"

Hadithi yenyewe hakunipa siku ile, wala hakunipa yote kwa mkupuo. Nimeiokota vipande vipande kwa zaidi ya miaka ishirini, huku tukimenya, tukifua, au tukingoja zamu kwenye mabenchi ya hospitali. Mara nyingi aliishia katikati, akaniuliza kama nimefunga gesi.

Studio ilikuwa mabanda mawili ya mabati nyuma ya kiwanda cha sabuni, na kati ya mabanda hayo palikuwa na uwanja wa kujengea majumba ya uongo. Bibi aliingia pale akiwa mfagiaji. Mpiga picha mkuu, mwanamume mrefu aliyevaa koti hata wakati wa joto, alimkuta siku moja anashona pazia lililochanika huku anapiga soga na mwenzake, sindano inakwenda bila yeye kuitazama. Alimwambia afumbe macho apitishe uzi tunduni. Alipitisha. Akamwambia arudie, akarudia. Wiki iliyofuata alikabidhiwa ufunguo wa chumba cha giza. Mwanamume aliyekuwa na ufunguo huo kabla yake alikuwa amefukuzwa kwa kuvutia sigara humo ndani, maana hata moto wa sigara ni mwanga.

"Chumba chenyewe kilikuwa na ukubwa wa choo," bibi aliniambia. "Na kabla ya hapo kilikuwa choo."

Kilipakwa rangi nyeusi mpaka darini. Kilikuwa na milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, ili wa kwanza ukifunguliwa wa pili uzuie mwanga. Mkanda mpya ulifika ndani ya makopo ya bati ya mviringo, umefungwa kwa karatasi nyeusi, na ukiona mwanga hata kwa kufumba na kufumbua, umekufa. Kwa hiyo aliutoa gizani, akaupachika ndani ya kisanduku cheusi kinachokaa juu ya kamera, akakifunga, ndipo akafungua mlango na kukitoa. Baada ya dakika nne za kupiga picha, mkanda ulikuwa umekwisha. Kisanduku kilirudi kwake, naye akautoa mkanda, akaurudisha koponi, akazungushia kopo utepe mwekundu, tayari kusafirishwa ng'ambo kwenye maabara ya kusafishia. Hapo studio hapakuwa na mtu wa kuusafisha. Majibu yalikuja kwa simu ya maandishi, baada ya wiki moja au zaidi.

Aliifanya kazi hiyo vizuri kiasi kwamba watu walisahau ana jina. Walimwita Mama Giza.

Kulikuwa na jambo moja aliloliogopa tangu siku ya kwanza. Mkanda mpya na mkanda uliokwisha kutumika, gizani, ni kitu kimoja. Uzito ule ule, harufu ile ile, na mdomo nao hauna la kusema. Ndiyo maana alijiwekea sheria mbili. Mkanda uliotumika aliukunja ncha papo hapo, mkunjo mdogo kama wa ukurasa wa kitabu, ili vidole viutambue. Na hakufungua kopo jipya kabla hajalifunga la zamani. Mezani pasikae mikanda miwili iliyo wazi, hata kwa dakika moja.

Babu alikuwa fundi seremala palepale. Nyumba za studio hujengwa nyepesi, mbele nyumba na nyuma mbao na kamba, kwa kuwa zitabomolewa. Yeye hakuweza. Mikono ilimkatalia. Aliweka misumari maradufu, akapiga randa hata mbao ambazo hakuna jicho lingeziona. Wenzake walimpa jina la Milele.

"Milele, hiyo ni ngazi ya kupandwa mara moja tu!"

"Na huyo atakayepanda mara moja akivunjika mguu?"

Filamu waliyokuwa wakiitengeneza mwaka ule ilimalizika kwa nyumba ya tajiri kuungua. Babu na wenzake waliijenga kwa miezi miwili uwanjani, ghorofa moja, veranda, ngazi ya ndani, madirisha yanayofunguka kweli. Ingechomwa mara moja. Hapakuwa na mbao za kujenga nyingine, wala hapakuwa na kamera ya pili.

Waliichoma siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Mwongozaji wa filamu alikuwa amepiga hesabu ya dakika nane: mikanda miwili, na visanduku vyote viwili ambavyo studio ilikuwa navyo. Bibi alivijaza mapema, akavitoa, akabaki chumbani kwake akisikiliza. Alisikia moto ukianza kutafuna. Alisikia watu wakishangilia. Kisha akasikia wananyamaza.

Nyumba ilikuwa imekataa kuungua. Mkanda wa kwanza ulikwisha moto ukiwa bado kwenye mapazia. Walipachika kisanduku cha pili, na mwongozaji akamgeukia babu mbele ya watu wote.

"Fundi, nilikwambia unijengee nyumba. Umenijengea benki!"

Walicheka, lakini ilikuwa wazi kwamba paa halitaanguka ndani ya mkanda wa pili. Ungehitajika wa tatu, na ungehitajika kabla dakika nne hazijaisha. Kisanduku cha kwanza kilikimbizwa kwa bibi.

Alifunga milango yote miwili. Alikifungua kisanduku, akautoa mkanda wa kwanza, akauweka mezani upande wa kushoto. Hapo angepaswa kuukunja ncha, kuutia koponi, kulifunga kopo, kuzungusha utepe. Aliona utepe utamchelewesha. Akalifungua kopo jipya kwanza, akautoa mkanda mpya, akauweka mezani upande wa kulia. Sasa kulikuwa na miwili.

Wakati huo mtu akabamiza mlango kwa ngumi. "Mama Giza! Paa linaondoka! Leta!"

Alishtuka. Kiwiko kikagonga kitu. Akasikia mkanda ukiteleza juu ya meza, akaukinga kwa goti kabla haujafika sakafuni, na kwa kuukinga akausukuma na mwingine. Akaishika yote miwili. Mmoja akautia koponi, mmoja akaupachika kisandukuni, akakifunga kisanduku, akakitoa nje. Paa lilianguka mbele ya kamera ikiwa bado inazunguka. Alisikia uwanja mzima ukipiga makofi, akakaa chini juu ya ndoo.

Wasiwasi haukuja pale pale. Ulikuja alasiri, ananawa mikono bombani, anatazama povu. Aliukumbuka mlango. Alilikumbuka goti. Akajaribu kuukumbuka ule mkunjo wa ncha chini ya kidole chake, hakuupata.

"Nilikuwa nakumbuka kukunja," aliniambia, "lakini nilikuwa nakumbuka kukunja kwa siku zote. Siku zote zilinijia kasoro ile."

Kama aliishika sawasawa, makopo matatu yalikuwa na moto wote, mwanzo, katikati na mwisho. Kama aliibadilisha, kopo la kwanza lilikuwa na mkanda mtupu, na la tatu lilikuwa na mwanzo na mwisho vimepigwa mahali pamoja, moto juu ya moto, ukungu mweupe usiofaa kwa lolote. Ingebaki katikati tu, nyumba inayowaka bila kuwashwa wala kuanguka. Na kopo lisingeweza kufunguliwa ili kuangalia, maana kuangalia ndiko kuharibu.

Ijumaa asubuhi mpiga picha mkuu alikuwa anafunga makopo kwenye sanduku la kwenda uwanja wa ndege. Bibi alisimama mlangoni mpaka akamwona.

"Bwana mkubwa, lile la kwanza na lile la tatu. Sina hakika."

"Huna hakika ya nini?"

"Kwamba sikuyabadilisha."

Aliacha kamba. "Ulikunja ncha?"

"Nakunja siku zote."

"Sikukuuliza siku zote. Jana."

"Sikumbuki, bwana."

Mpiga picha akaenda kufunga mlango. "Nisikilize, Mama Giza. Mwongozaji akilisikia neno hili leo, kesho mimi na wewe tuko nje ya geti. Halafu makopo yarudi mazima. Tutakuwa tumejifukuza wenyewe. Mkono wako umekunja. Mkono wako una akili kuliko wewe."

"Na kama haukukunja?"

"Basi tutalia mara moja, simu ikija. Kwa nini tulie mara mbili?" Akakaza fundo. "Wewe hujaniambia kitu. Mimi sijasikia kitu."

Angeweza kuinama na kungoja, kama si tangazo la mchana ule. Msimamizi wa uwanja, mtu aliyezunguka na filimbi shingoni kama mwamuzi wa mpira, alibandika karatasi: Jumatatu mabaki ya nyumba yabomolewe, panajengwa ukumbi wa mahakama. Mabaki yalikuwa ukuta wa mbele, mlango, na ngazi ya babu, vyeusi tii lakini vimesimama. Bibi aliisoma karatasi ile, akatazama ukuta. Aliona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekuwa na sababu ya kukiona. Kama kopo la kwanza lilikuwa tupu, ukuta ule ungeweza kupakwa rangi na kuwashwa upya, na mwanzo ukapatikana. Kwa bati kidogo na mbao chache juu yake, hata mwisho. Ukibomolewa kabla simu haijaja, hapatakuwa na pa kuanzia.

Jumamosi hakula. Usiku babu alimwamsha, akamwambia anahesabu usingizini, moja, mbili, moja, mbili. Alimwambia ni uchovu.

Jumapili mchana babu alikuwa uani ananoa msumeno kwa tupa, jino baada ya jino. Mama yangu, mwenye miaka mitatu, alikuwa anachezea maranda. Babu alikuwa na furaha. Tangu Alhamisi kila aliyekutana naye njiani alimwita Meneja wa Benki.

"Uliona paa lilivyong'ang'ania?" alisema. "Ah, wewe hukuona. Ulikuwa umejifungia na makopo yako. Utaliona sinema."

Bibi alikuwa amebeba beseni la nguo. Alilitua chini. Akamwambia yote, la meza na la goti na la ncha, na la mpiga picha, na la ukuta.

Babu alinoa meno matatu zaidi. Bibi aliyahesabu.

"Kwa hiyo nyumba yangu huenda haimo."

"Huenda."

"Na huenda imo."

"Huenda imo."

"Simu inakuja lini?"

"Wanasema Jumamosi."

"Siku sita." Aliuinua msumeno, akautazama kwa urefu wake kama anayepima umenyooka. "Ukuta wangu mgumu kubomoka. Kila mtu analijua hilo."

"Usiwaambie wenzako."

"Niwaambie nini? Kwamba mke wangu kasahau?" Akatabasamu kidogo. "Nitawaambia mimi ni mvivu. Hilo hawataliamini, lakini watalifurahia."

Jumatatu alimwambia msimamizi wa uwanja kwamba mbao bado zina joto ndani, zikishikwa zitapasuka na kujeruhi watu. Jumanne alisema kuna misumari mizima humo, ni dhambi kuitupa, akaanza kuing'oa mmoja mmoja. Bibi alikuwa chumbani kwake gizani, anamsikia. Koleo inashika, msumari unalia, unatoka, unadondoka kwenye ndoo. Kisha kimya. Kila kimya kilipozidi, alidhani sasa wanausukuma ukuta. Siku ile alipachika mkanda mmoja kinyume, akautambua kwa mdomo dakika ya mwisho, akautoa, akaanza upya.

Jumatano ngazi ya kupandia ukutani ilivunjika. Ilivunjika vipi, ngazi iliyotengenezwa na Milele, hakuna aliyeelewa.

"We Milele," mwenzake mmoja alimwambia, seremala waliyemwita Msumari kwa wembamba wake, "tangu lini ngazi yako ikavunjika? Au umeanza kuzeeka?"

"Nimeanza kuoa," babu alijibu. Watu walicheka bila kujua wanacheka nini.

Alhamisi msimamizi wa uwanja alipuliza filimbi sikioni mwake. Alimuuliza kama ukuta huo ni wa baba yake. Babu alisema anaumwa mgongo, akaenda kulala kwenye maranda. Ijumaa msimamizi alileta vibarua wanne kutoka nje na kamba nene. Babu alisimama mbele ya ule mlango mweusi, akawaeleza kwa upole jinsi ulivyofungwa, wapi kuna boriti, wapi ukivuta utajivutia mwenyewe kichwani. Aliwaeleza mpaka saa za kazi zikaisha. Alipofika nyumbani alikuwa amepoteza sauti. Bibi alimpa maji ya moto, akamuuliza habari ya ukuta.

"Umesimama," alinong'ona.

Jumamosi saa nne mpiga picha mkuu alikuja mwenyewe mpaka chumba cha giza. Hakubisha hodi kwa ngumi, aligonga kwa kidole. Bibi alikuwa hana mkanda mezani, akafungua. Alimpa karatasi ya simu, naye aligusisha karatasi mdomoni kabla ya kuisoma. Iliandikwa: MAKOPO YOTE MATATU SALAMA MOTO MZURI SANA.

"Nilikwambia," mpiga picha alisema. "Mkono." Lakini koti lake lilikuwa limelowa jasho kwapani, bibi aliliona.

Alikimbia uwanjani. Hakuwahi kukimbia pale. Babu alimwona anakuja, akaangalia uso wake, akawageukia vibarua na ile sauti yake iliyokauka: "Haya, vuteni." Ukuta ulianguka kwa mara moja. Vumbi jeusi lilifunika kila mtu.

Hapo ndipo bibi alipokuwa akiimaliza hadithi, kwa miaka mingi. Ilikuwa na mwisho mwema. Hakukosea. Kilichobaki kilikuwa cha kuchekesha: miezi kadhaa baadaye filamu ilipofika mjini walikwenda wote wawili, na moto ulipoanza bibi alifumba macho, babu akahesabu kwa vidole. Dakika kumi na mbili za mkanda. Walikuwa wameonyesha sekunde arobaini.

"Hata njugu zangu hazijaisha," babu alisema njiani. "Nyumba nzima!"

Yeye wakati huo hakuwa tena studio. Mwisho wa mwezi ule ule alirudi nyumbani na kisanduku chake cha zana, akasema basi, amechoka kujenga vitu vya kuchomwa. Akaanza kutengeneza madawati ya shule, na aliyatengeneza mpaka uzeeni. Mimi mwenyewe nimekalia dawati lake. Bibi aliendelea na chumba cha giza miaka kumi na mmoja zaidi, mpaka studio ilipofungwa. Alikuwa akisema babu alifanya vizuri kuondoka mapema.

Babu alifariki nikiwa na miaka thelathini na tatu. Siku ya pili ya msiba alikuja mzee mwembamba sana na fimbo, akaketi karibu na bibi. Nilikuwa nagawa chai. Nilisikia bibi akimtambulisha kwa shangazi, "Huyu ndiye Msumari," na wote wawili wakacheka kidogo, wakafuta macho. Waliikumbuka nyumba. Waliukumbuka utani wa benki.

"Na lile la ukuta," mzee alisema. "Shemeji, mimi mpaka leo sijalielewa. Mtu anafanyiwa mpango awe fundi mkuu wa studio nzima, barua imeshaandikwa, nimeiona kwa macho yangu. Halafu anakaa siku sita na ukuta mmoja kama kichaa."

Bibi aliuliza, barua gani.

Mzee alimtazama, akanitazama mimi na birika langu. Nadhani aliona amefungua mlango usiofungika tena. Akasema polepole kwamba msimamizi wa uwanja aliichana ile barua Jumatatu iliyofuata. Alisema mtu anayeshindwa kubomoa hawezi kuaminiwa kujenga. Akampa mpaka mwisho wa mwezi. Babu hakujitetea. Alimwambia Msumari, akimshika bega, "Nyumbani usipeleke hili," naye hakulipeleka kwa miaka arobaini na zaidi. "Sasa nimedhani," alisema, "kwamba kabla hajaenda alishakwambia."

Bibi hakulia. Alimuuliza kama ataongeza sukari.

Tangu hapo hadithi ilibadilika. Hakuisimulia tena, aliiuliza. Tukiwa jikoni, tukiwa kitandani mwake namkanda miguu, alianza bila utangulizi. Kama angenyamaza Jumapili ile, ukuta ungebomolewa Jumatatu. Makopo yangerudi mazima vilevile. Babu angekuwa fundi mkuu. Je, yeye alisema kwa sababu ya filamu, au kwa sababu mzigo ulimshinda akataka mtu wa kushika upande wa pili?

"Wewe ungesema?" aliniuliza.

Nilijibu kila mara jibu tofauti. Mara nilisema ningesema. Mara nilisema hakuna aliyejua makopo yako sawa, asijilaumu. Mara nilisema babu mwenyewe aliamua, alikuwa mtu mzima. Aliyasikiliza yote kwa adabu, kama mtu anayesikiliza bei dukani na hana nia ya kununua. Mwaka wa mwisho usiku ukawa mgumu. Mama aliniambia bibi anaamka, anakaa kitandani, mikono imemtangulia mbele, anapapasa shuka anatafuta kitu chembamba.

Nilikuwa nikipita kwake asubuhi kabla ya kazi. Jumanne ya mwisho nilimkuta ameamka, amechanwa nywele, amekunywa uji nusu. Uso wake ulikuwa umetulia kuliko wiki nzima, nikafurahi, nikasahau kuogopa. Nilimrekebishia mto. Nilimwambia nitarudi jioni na nitakaa sana. Nilikuwa nimeshafika mlangoni na mkoba begani aliponiita.

"Mke mwenza."

"Naam, bibi."

"Nikirudishwa Jumapili ile, nitamwambia tena. Unafikiri atakasirika?"